Mshenga na Somo la Stesheni

Leo nimeumbuka. Tena nimeumbukia ukweni, na ukwe wenyewe si wangu!

Rafiki yangu Masanja kanituma Kigwa kumpelekea posa. Kanichagua kwa sababu mimi ni mwalimu wa Kiingereza hapa Tabora mjini, eti nina maneno. (Ninayo. Ndiyo yaliyoniponza.) Nikapanda treni na jembe jipya, maana kwa kina binti mshenga haji mikono mitupu.

Nashuka Kigwa, mwenyeji wangu hajafika. Kwenye benchi yuko mama mmoja na kikapu chake. Nikajua ni abiria.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Kabila gani wewe?"

"Mnyamwezi."

"Loo, mpagazi wangu huyo! Mizigo ya babu yangu mliifikisha? Mimi Mzaramo."

Mtani wetu wa tangu enzi za misafara! Roho ikanikunjuka. Nikamwambia Wazaramo wanajua kucheza ngoma tu, na bila babu zetu mizigo yao ingekuwa inaozea Bagamoyo hadi leo. Akacheka. Nikanogewa, nikaona nimtambie na usomi kidogo.

"Mama, unajua Waingereza wana maana ngapi za neno stesheni?"

"Nifundishe, mwalimu."

Nikaegemeza jembe kwenye benchi, nikasimama, mikono nyuma, uso relini, kama niko darasani. Treni inaposimama ni stesheni. Kituo cha polisi, stesheni. Cha redio, stesheni. Hata hadhi ya mtu duniani, stesheni. Kule Australia shamba zima la ng'ombe, stesheni!

"Na asili yake Kilatini, mama. Kusimama!"

Nikageuka nione kama kaelewa. Mama hayupo. Jembe halipo!

(Mtani akichukua kitu chako huendi polisi, unakikomboa. Hilo nalijua. Sasa unakomboaje kwa mtu aliyeyeyuka?)

Nikaulizia njia, nikaenda hivyohivyo, nikijua Masanja wa watu kakosa mke kwa ajili ya Kilatini changu. Niliogopa kweli.

Nafika uani, wazee wameketi. Jembe langu limelazwa mkekani mbele ya baba wa binti. Na kando yake, yule mama wa kikapu.

Ndiye mama mzazi wa binti! Alikwenda stesheni kumsindikiza mgeni wake, akaona jembe jipya, akajua mshenga ndiye mimi.

"Huyu ndiye aliyekutukana?" baba akauliza, uso mkavu.

"Ndiye. Mtani wangu, hana kosa. Kanitukana vizuri tu."

Wote pale uani wakaangua kicheko. Nikashusha pumzi, nikavuta kiti.

"We! Si umesema asili yake kusimama?" mama akanidaka. "Simama hapo, uwaeleze wote."

Nimesimama mbele ya wakwe, jua la mchana, nikazieleza zote hadi ng'ombe wa Australia. Ndipo jembe likapokewa. Posa imekubaliwa, jamani!

Masanja, ukisoma hapa, mke umepata. Sasa niko kwenye treni ya kurudi, na nimekaa. Abiria wa pembeni kaniuliza nafundisha somo gani. Nimemwambia hesabu.