Kinyozi, Nesi na Mabano Yasiyofungwa

Jumatatu, 3 Juni
Nyota yangu inang'aa hata mchana! Wengine huisaka bahati, mimi nimezaliwa nayo. Kambi yetu ya kujifunza kuandika programu za kompyuta imebakiza wiki moja. Leo mwalimu katugawa wawili wawili kwa kura, kwa kazi ya mwisho. Mkono wangu ukazama kwenye kopo, ukatoka na nani? Nesi! Kichwa cha darasa! Miwani, mwanafunzi mwenzetu anayejiona ndiye aliyeivumbua kompyuta, kanuna. Eti kinyozi arudi kwenye mikasi yake. Nikamjibu nywele zake ndizo zinazonililia.

Jumanne, 4 Juni
Nesi aliacha hospitali ili amtunze mama yake, anayesahau dawa. Anatafuta kazi ya kufanyia nyumbani. Ijumaa anakuja bosi wa kampuni, ana nafasi moja tu. Basi tunatengeneza programu ya kuwakumbusha wagonjwa dawa. Sheria ya kambi: mmoja anaandika, mwenzake anaelekeza, kila dakika ishirini mnabadilishana. Mpango wangu: zamu yangu ya kuandika ikifika, mbio msalani. Safari ya nne Nesi kauliza, kaka, hicho kibofu nikipime?

Jumatano, 5 Juni
Nimebanwa! Nesi kaweka kiti mlangoni. Kasema hata yeye sindano ya kwanza ilimtetemesha. Nikaandika ujumbe mmoja kwa kidole kimoja: Mama mpenzi, meza dawa, usinitie presha. Tukaujaribu kwenye simu ya mama yake. Mama kapiga palepale: amemeza, na huyu mwanangu mpole ni nani? Machozi yakanilenga. Nikasingizia vumbi.

Alhamisi, 6 Juni
Nesi alipokwenda kula, nikaongeza mstari wangu wa siri. Programu ikifunguka, itangaze kwa herufi kubwa: KAZI YA KINYOZI BINGWA. Sikuijaribu. Bingwa hajaribu.

Ijumaa, 7 Juni
Balaa! Bosi kakaa mbele, Nesi kafungua programu, skrini nyekundu, kosa! Miwani kacheka mpaka kapaliwa. Nesi kaikazia macho skrini. Moyo ukanishinda. Nikasimama: bosi, kosa langu, dada huyu hana hatia, nifukuzeni mimi. Nesi kasema, kaka, kaa. Akasoma lile kosa polepole, kama anayepima mapigo. Kumbe mabano ya ule mstari wangu wa siri niliyafungua, sikuyafunga. Akayafunga. Programu ikaamka, na bango langu juu. Hakulifuta! Bosi kasema waandishi wa programu anao tele, anamtaka anayetibu kilichovunjika mbele za watu bila kutetemeka. Nesi anaanza kazi mwezi ujao, akiifanyia nyumbani kwa mama yake.

Jumamosi, 8 Juni
Mama watoto kauliza, na wewe umepata nini? Nikamwambia bila mabano yangu Nesi angeonekana vipi? Ule ulikuwa mkakati! Nimejiandikisha kambi nyingine. Tena nimejitolea kukata vikaratasi vya kura, kama nilivyokata vya Jumatatu. Bahati gani? Cha Nesi nilikikunja pembe.