Mshale Unasimama Injini Ikilala

Kwa Bwana Kubai,
Mwenyekiti wa mafundi wa magari,
Gereji za nyuma ya soko la mbuzi,
Isiolo.

Mwenyekiti wetu mpendwa,

Habari ya kazi, habari ya watoto, na habari ya ule mguu wako wenye uliangukiwa na jeki. Mimi ni Nakiru, mama yake Ekaale, mwenye ile pikapu ya kijani yenye mlango moja unafungwa na kamba. Sikusoma, kwa hivyo mimi ninasema na binti yangu Jane anaandika. Nimemkataza kutengeneza maneno yangu, kwa sababu yeye ni mtu wa ofisi, na mtu wa ofisi ukimwambia umekasirika anaandika ati umesikitika. Mimi sijasikitika. Nimekasirika kwa heshima.

Ninataka kushtaki fundi wako Mworia. Kwanza nimsifu, ili usiseme huyu mama ana roho mbaya. Injini yetu ya zamani ilikufa njia ya Kinna tukiwa tumebeba vitunguu. Ililia kama punda, ikatoa moshi, ikanyamaza. Vitunguu vikaanza kuota majani hapo hapo juu ya gari. Mworia akaivuta mpaka gereji, akaitoa, akatafuta injini ya gari ya aina ingine kabisa, akaiingiza kwa nguvu na kwa nyundo na kwa maombi, na ikawaka. Tulipiga vigelegele mpaka wenye mbuzi sokoni wakakuja kuuliza nani amezaa. Mpaka hapo sina neno.

Neno langu ni geji ya oili. Ile saa ndogo kwa dashibodi, yenye mshale, ya kuonyesha kama oili inasukumwa vizuri ndani ya injini ama injini inajitafuna kavu. Na iko haraka, Mwenyekiti, kwa sababu Jumamosi Ekaale anapeleka mahari kwao Kananu, kule juu Meru, na mbuzi wa mahari wako Merti kwa ndugu yangu. Njia ya Merti unaijua. Injini ikikauka huko katikati, utaambia nani? Utaambia twiga, na twiga hana spana. Usiniambie nikodishe gari. Mbuzi wa mahari wakishuka kwa gari ya mtu mwingine, watu watasema huyo mtu ndiye ameoa. Ekaale ameshachelewa vya kutosha. Watoto wenye alikuwa anachunga mbuzi na wao, leo wako na wajukuu.

Sasa malalamiko yangu ni haya.

La kwanza. Injini ikilala, mshale unasimama juu kabisa kama askari ameona mkubwa. Ukiwasha injini, mshale unaanguka chini na kulala. Nikamuuliza Mworia, hii ni nini? Akanieleza vizuri sana, kama mwalimu. Akasema kile kichwa kidogo chenye waya, chenye kinafungwa kwa injini, kinaitwa sensa. Ile imekuja na injini mpya ni sensa ya kuwasha taa nyekundu tu, inajua kusema iko ama hakuna. Geji yetu ya zamani inataka sensa ya kusema ni kiasi gani. Kwa hivyo hawa wawili hawasikizani. Nikasema asante mwanangu. Akafunga boneti, akaenda kunywa chai. Yaani alijua, Mwenyekiti! Kama angekuwa mjinga ningemwombea. Nitamwombea nini mtu anajua?

Marehemu mzee wangu alikuwa anasoma matumbo ya mbuzi. Siku hizi tumeokoka na pasta hataki hiyo maneno, lakini kusoma alikuwa anasoma, na mvua ilikuwa inakuja. Alikuwa anasema mbuzi wa boma hii anaongea habari ya boma hii. Huwezi kupasua mbuzi wa kwako ukasoma mambo ya jirani. Sasa Mworia ametoa matumbo ya mnyama moja akaweka ya mnyama mwingine, na macho yakabaki ya yule wa kwanza. Hata mzee wangu hapo angefunga kisu aende nyumbani.

La pili. Nilipomfuata kwa chai, Mworia aliniambia, mama, si usome tu kinyume? Ukiona umelala, jua iko sawa. Ekaale, kwa sababu huyo ni mjomba wa Kananu, bibi yake mtarajiwa, akasema sawa mjomba. Mimi nikamwongezea sukari. Lakini hakuna mtu alikumbuka kumwambia Felix, yule kijana wa dada yangu mwenye hutusaidia kuendesha. Felix akachukua gari kupeleka maji Leparua. Akitoka tu nje ya mji, akaangalia geji, akaona mshale umekufa. Akazima injini haraka, vile alifundishwa. Mshale ukasimama. Felix akasema, asante Yesu, imepona! Akawasha. Ikakufa. Akazima. Ikapona. Alifanya hiyo huduma ya uponyaji jua lote, akiwasha na kuzima, mpaka wachungaji wa ngamia wakakalia mawe kumtazama. Moja akamwambia, wewe kijana, hii gari yako inapenda kulala kama mwenyewe. Maji ya Leparua ilipelekwa na punda. Punda hana geji na alifika.

La tatu. Huu ugonjwa wa kusoma kinyume umeingia kwa nyumba. Nikinyamaza, Ekaale anasema mama leo amefurahi. Nikisema chakula imekwisha, anakaa anangojea sahani. Na mimi mwenyewe umenishika. Juzi nilienda kupimwa presha yangu ya damu, na yule nesi mpole, Khadra, akaniambia, mama iko juu sana. Nikamwambia usiogope binti yangu, hiyo ni sensa, soma kinyume, utaona niko chini. Khadra aliniangalia, akafunga kitambaa kwa mkono mwingine, akapima tena, kisha akanikalisha kwa kivuli na dawa na akakataa niende nyumbani peke yangu. Hiyo aibu ni ya gereji yako.

Jane anasema hapa nimetoka nje ya maneno. Sijatoka. Andika.

La nne. Nilipomlilia tena, Mworia alivuta ile fimbo ya kupima oili, akaipangusa, akaitumbukiza, akanionyesha. Ona mama, oili imejaa. Ndiyo, imejaa. Lakini maziwa kuwa kwa kibuyu si mtoto kushiba. Mimi sikuuliza kama oili iko, niliuliza kama inatembea. Hata maji iko Isiolo hii. Iko kwa bomba, iko kwa tangi, iko kwa hotuba. Uliza kama inatembea.

La tano, na hii ndiyo inaniuma. Mworia ni mjomba wa Kananu, na kwa Wameru mjomba ni mtu mkubwa. Akikataa kubariki msichana, hakuna harusi, hata ulete mbuzi wa wilaya mzima. Na kwetu Waturkana mama wa kijana hawezi kupandishia wakwe sauti kabla wanyama hawajafika. Kwa hivyo kila mara akinidanganya mimi ninacheka na kumwongezea sukari. Anaenda kuambia watu ati Mama Ekaale ameridhika na kazi. Mtu wa kusoma kinyume kila kitu, mbona kicheko yangu aliisoma sawa?

Hiyo ndiyo sababu nimekuja kwako wewe. Ninaomba haya, na ninaomba kwa magoti, ingawa magoti yenyewe ni mbaya.

Kwa vile geji haiwezi kuongea ukweli, ninaomba ofisi yako iamuru Mworia mwenyewe awe geji. Akae mbele, kofia imeondolewa, mkono moja kwa injini kupitia ile shimo ya chini ya dashibodi, na mkono ingine hewani. Oili ikisukumwa vizuri ainue mkono. Ikipungua aushushe. Mpaka Merti na kurudi. Mkono ya mtu haina waya na haihitaji sensa.

Lakini Mworia akipata joto na gari ikitingika, analala. Tumemwona kanisani. Akilala mkono utashuka, na Felix akiona mkono umeshuka atazima injini, na sisi tunarudi kwa ile huduma ya uponyaji. Kwa hivyo ninaomba Kiambi, yule fundi wa breki, akae kando ya Mworia amwangalie asilale. Sasa Kiambi na Mworia walitahiriwa pamoja, na mtu hawezi kushtaki mtu wa rika yake. Mworia akilala, Kiambi atamshikia mkono juu. Kwa hivyo wewe mwenyewe, Mwenyekiti, utakaa kando ya Kiambi kumwangalia Kiambi.

Kiti ya mbele ya pikapu yangu inabeba watu watatu. Tumehesabu na Jane, na watatu wamefika. Ekaale na Felix watarudi nyuma na mbuzi. Nani ataendesha, hiyo sitaki kuingilia. Hiyo ni kazi ya ofisi, na mimi siwezi kufundisha ofisi kazi.

Na mpaka hayo yafanyike, gari haitoki. Mimi mama yake nimekataa. Nimeweka kiti yangu mbele ya radieta, na hapo ndipo ninasema hii barua. Ni afadhali harusi ichelewe kuliko mtoto wangu aende njia ya Merti na chombo chenye hakisemi ukweli. Nyumba haijengwi juu ya uongo, hata uongo kidogo wa ukubwa wa mshale.

Ninafunga hapa kwa sababu jua limenifikia. Salimia mama watoto, salimia mama yako mzazi na umwambie ile dawa ya kikohozi nitaileta. Salimia yule wa kuchomelea vyuma hapo mlangoni, salimia Gacheri wa kuuza githeri, salimia Bedan wa matairi hata kama hakunisalimia Jumapili. Salimia pia Mworia, lakini usimwambie ni mimi.

Ni mimi kwa heshima na kwa hasira,

Nakiru, Mama Ekaale
(kidole changu ndicho hicho, hiyo ingine ni chai)

Nyongeza. Mwenyekiti, kabla Jane hajaleta hii barua aliionyesha Kananu, na Kananu akaambia mjomba wake. Leo asubuhi Mworia amekuja mbio na uso mrefu. Ameenda kwa ile injini yetu ya zamani, akafungua sensa yake, akaitafutia kiungio cha shaba ikaingia kwa hii mpya vizuri. Tena akaleta geji ingine ya kujaribu, yenye paipu inaingia ndani ya injini yenyewe, ili alinganishe. Zote mbili zikasema neno moja. Injini ikilala, mshale umelala. Ikiamka, unaamka. Nililia machozi.

Kisha injini ikapata joto. Mshale ukaanza kushuka, polepole, kama mzee anashuka kitandani, ukaenda ukasimama karibu kabisa na alama nyekundu. Mworia akazima injini. Akasema, mama, sasa tumejua. Hii injini imechoka ndani. Leparua inaweza kufika ikienda polepole, lakini Merti nisikudanganye. Akachomoa ufunguo akaweka kwa mfuko wake, akaondoka, na sukari yangu hajagusa.

Mwenyekiti, yote nimesema hapo juu wewe acha tu. Ninaomba uamuru Mworia aturudishie ile sensa ya kwanza leo hii, pamoja na ufunguo. Ekaale ataenda alfajiri, injini ikiwa bado baridi, na nimeshaondoa kiti yangu mbele ya gari. Mbuzi wanangoja na Wameru wamepika. Huo ukweli amenitengenezea ni mzuri sana na ninamshukuru. Auweke huko gereji, mahali safi, asiuuze. Nitaupitia Jumatatu.