Inchi Sita kwa Inchi Nne

Jumatatu, 3 Julai 1995
Baridi ya hapa Mapera haina adabu. Mke wangu Notburga amekohoa tangu alfajiri, macho mekundu, na bado amenipikia. Daktari wa zahanati kamwambia aepuke moshi, la sivyo akakae kwa mama yake kule Matiri mpaka mvua zianze. Mpaka mvua zianze! Nitakula nini? Hapana, nisilidanganye daftari langu: nitakaa na nani? Jiko la chuma nimeshanunua parokiani. Limebaki bomba la kutoa moshi nje. Shemeji Kilian, fundi bati, amejitolea. Nimemkatalia. Mwaka jana alilicheka banda langu la kuku.

Jumanne, 4 Julai
Nimepata bomba! Ekzosi ya lori la mnunuzi binafsi wa kahawa, lililokufa mtelemkoni. Soko huria lina faida zake. Tundu la jiko ni inchi sita, ekzosi inchi nne. Tofauti ndogo. Nimeunganisha kwa kopo la mafuta ya kupikia, pengo nikaziba kwa udongo na maganda ya kahawa. Notburga akasema, Baba Sixtus, pamependeza. Ananipenda yule.

Alhamisi, 6 Julai
Tumewasha. Maganda yakaungua, kiungo kikaachia, moshi wote ndani. Majirani wakaja kuuliza nani anakaanga kahawa badala ya kuuza. Notburga akakimbilia nje, akaketi kwenye tuta la ngoro, yale mashimo yetu ya kulimia mlimani, akawa anakohoa na kucheka. Iliniuma sana. Nimesingizia upepo. Jioni ameanza kukunja khanga zake.

Ijumaa, 7 Julai
Nimekwenda kwa Kilian. Nikamwambia nina rafiki mwenye shida ya bomba. Akauliza kama rafiki huyo naye ana masizi puani.

Jumamosi, 8 Julai
Kilian kaja na bati. Anasema moshi ukibanwa unarudi. Bomba la juu lisiwe jembamba kuliko tundu la jiko. Amekunja bomba la inchi saba, na kipande cha kuunganishia, chembamba chini, kipana juu. Mimi nilishika ngazi. Kazi kubwa hiyo.

Jumapili, 9 Julai
Baada ya misa Notburga amesonga ugali akiimba. Sijamsikia akiimba tangu Pasaka! Nimetoka nje kujifanya natafuta kuni, machozi yananitoka, na leo moshi haumo. Khanga zimerudi sandukuni.

Ila joto lote linapotelea juu ya paa. Dhambi kabisa, na miguu ya mke wangu ilivyo ya baridi! Nikilikata bomba la Kilian katikati, nikalipitisha chini ya kitanda... Ekzosi bado ninayo. Inchi saba kwa inchi nne. Tofauti ndogo. Kilian hana haja ya kujua.