Shikamoo kwa Wafanyakazi Tu

Jumatatu, 4 Novemba

Umeme umekatika tangu asubuhi. Gesi inachimbwa Mnazi Bay, hapo tu, inaingia kwenye bomba, inaondoka zake. Sisi hapa Mikindani mama anapepea mkaa kwa kifuniko cha ndoo. Nimemweleza kwamba hili ni suala la nani anamiliki nini. Amesema yeye anamiliki maharage yanayoungua, nimpishe.

Darasani Mwalimu Gideoni amefundisha asili ya maneno. Shikamoo, amesema, ni kama kusema "nashika miguu yako". Wenzangu wakacheka. Mimi nikashtuka. Miaka yote hii nimekuwa nikishika miguu ya watu. Ya mwenye nyumba wetu. Ya mgombea aliyekuja kugawa fulana na hakumaliza hata chai. Ya kila mwenye tumbo na gari.

Nimeamua. Kuanzia kesho shikamoo ni kwa wafanyakazi tu, wawe na umri wowote. Mabepari watapata "habari za saa hizi". Ni mapinduzi yasiyomwaga damu, tena hayahitaji kuhutubia mtu. Hilo la pili ndilo lililonivutia zaidi.

Jumanne, 5 Novemba

Mapinduzi yameanza. Hayaonekani.

Mwalimu alipoingia, darasa zima lilisimama na kumwamkia. Mimi nilifunga mdomo. (Mwalimu ni mfanyakazi, ndiyo, lakini anashika fimbo, kwa hiyo yuko upande wa dola.) Hakuna aliyegundua. Irene, ninayekaa naye dawati moja, amesema huwa sifungui mdomo hata siku za kawaida.

Nikitoka shule nilimwamkia Juma wa bodaboda, anayeegesha karibu na msikiti. Ana miaka kumi na tisa. Nikamwambia shikamoo. Akaniuliza nimemwona na mvi wapi. Kisha akasema kama nataka lifti ya bure niseme tu, nisimzeeshe mbele ya abiria. Wenzake wameshampa jina. Sasa anaitwa Babu. Ameniagiza nikitaka kupita pale nizungukie ufukweni.

Jioni nikamwamkia mtoto anayeuza karanga. Alitupa sinia, akakimbia. Mama yake akaja kuuliza mwanawe nimemsomea dua gani. Mama yangu akamwapia kwamba sina baya, ni kijana mpole, nasoma sana tu. Alivyotamka "nasoma sana" ungedhani anataja ugonjwa wa ukoo.

Tabaka la wafanyakazi bado halijajitambua. Nitalivumilia.

Alhamisi, 7 Novemba

Dada Rehana anaposwa Jumamosi. Nimeambiwa wa mwisho, kama kawaida.

Rehana anafanya kazi kwenye duka la kutoa kopi, Chikongola. Omari alikuwa anakuja kila wiki kutoa kopi ya kitambulisho kilekile. Mwishowe dada akamuuliza kama anataka kufungua benki. Basi wakapendana. Omari hana baba. Amelelewa na baba yake mkubwa, Mzee Rajabu, mwenye duka la saruji na mabati. Huyo ndiye atakayeleta posa, na neno lake ndilo la mwisho.

Hapo ndipo pana tatizo. Inasemwa Mzee Rajabu alianzia kwenye kangomba. Yaani mkulima ana njaa, korosho bado ziko mtini, wewe unampa kibaba cha unga leo na msimu ukifika unabeba magunia yake. Wengine wanasema aliacha zamani. Wengine wanasema hakuwahi, aliyefanya ni shemeji yake. Mimi sihitaji ushahidi. Nimeliona tumbo.

Rehana amefua mapazia yote. Alikuwa anaimba. Sikuwa nimemsikia akiimba tangu posa ya kwanza ilipovunjika, ile ya mtu wa Lindi ambaye hatutajiwi jina lake humu ndani. Ameniomba jambo moja tu. Kwa kuwa baba atakuwa ndani na wazee, mimi niwapokee wageni mlangoni. Akasema, "Salamu tu, mdogo wangu. Hutakiwi kuongea."

Nikakubali. Nampenda dada yangu. Lakini msimamo ni msimamo.

Jumamosi, 9 Novemba

Wamekuja. Mzee Rajabu alishuka garini kwa taabu, kanzu nyeupe, bakora mkononi. Nyuma yake dereva, kijana tu, amebeba sinia lililofunikwa kitambaa cha kufuma.

Nilikuwa nimejiandaa. Nikampita mzee, nikamwendea dereva, nikainama, nikasema shikamoo. Dereva akageuka kutazama ni nani aliyesimama nyuma yake. Hapakuwa na mtu. Karibu amwage sinia.

Kisha nikamgeukia Mzee Rajabu na "habari za saa hizi" yangu tayari mdomoni. Akanitazama. Aibu ikanishika, ulimi ukateleza. Nikasema, "Mambo."

Kwa mzee wa miaka sabini. Mlangoni kwetu. Siku ya posa.

Alijikagua kanzu kama mtu aliyeambiwa ina doa. Halafu akasema polepole, "Poa." Nadhani lilikuwa neno la kwanza la namna hiyo maishani mwake.

Ndani hawakukaa sana. Nilikuwa dirishani, nikasikia. Baba aliomba radhi kila alipopata nafasi. Mjumbe mmoja akauliza watoto wa Omari watakuwa na mjomba wa namna gani. Hilo likawanyamazisha wote, maana huku kwetu mjomba si mtu mdogo. Mzee Rajabu akasema hakatai wala hakubali, atafikiri. Sinia likarudi garini bila kufunuliwa.

Baba hakunipiga. Alikwenda kugeuza samaki wake wa kukausha ambao alikuwa ameshawageuza. Mama akaniuliza nimelogwa na nani, ili amfuate akamshukuru kwa kazi safi. Rehana alipanda kwenye kiti, akashusha mapazia moja moja, akayakunja.

Nilimfafanulia kwamba wa kulaumiwa ni mfumo. Akaniomba nimshikie kiti.

Jumapili, 10 Novemba

Uamuzi wa familia: kesho nikitoka shule niende dukani kwa Mzee Rajabu, nimwamkie kama binadamu, niombe msamaha, nirudi. Mama amesema Omari ameongea na baba yake mkubwa, na mzee amelainika. Anangoja salamu tu. Rehana amenipigia pasi shati la shule. Aliunguza kola kidogo, akaanza upya upande wa pili.

Nimepata njia. Nitasema shikamoo kwa mdomo na kuweka pingamizi moyoni. Wabunge hufanya hivyo wakati wa bajeti.

Jumatatu, 11 Novemba

Nimekwenda.

Duka lilikuwa limejaa. Vijana wanapakia saruji kwenye fuso, weupe kama mizimu, hawana hata kitambaa cha kufunika pua. Nikawaamkia wote. Mmoja akasema, "Marahaba, mjukuu wangu," akanitwisha mfuko. Nikaufikisha nusu ya njia. Wakaupokea kwa huruma.

Mzee Rajabu alikuwa kwenye kiti cha plastiki karibu na mizani. Nikasimama mbele yake. Neno nilikuwa nalo. Nilikuwa nimelizoeza tangu shuleni. Halikutoka. Mdomo ulifunguka, ukafungwa. Wateja wakaanza kunitazama, jambo ambalo huniua kabisa.

Mzee akamwambia mteja angoje. Halafu, kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie, akasema, "Marahaba, mwanangu. Marahaba. Yamekwisha."

Aliitikia salamu ambayo sikuitoa.

Ningenyamaza tu. Kunyamaza ndiyo kazi ninayoiweza kuliko zote. Lakini nikaliona jambo lilivyo. Huyu mtu anachukua shikamoo ambayo mwenyewe hajampa. Anaivuna ingali mtini. Hii si kangomba ni nini?

Sauti ikanitoka. Ikasikika mpaka kwenye fuso. "Mzee, mimi sijakuamkia."

Mfuko mmoja wa saruji ulidondoka. Mzee Rajabu akainamisha kichwa, akaitazama miguu yake, viatu vyake vya ngozi vyenye vumbi, kwa muda mrefu. Akamwita mteja aliyefuata.

Nyumbani nimesema mambo yamekwenda vizuri kwa kiasi. Rehana akacheka, akaniletea chai na andazi ambalo alikuwa amejiwekea. Nimelila. Lilikuwa zito kushuka. Nadhani mama alizidisha hamira.

Jumatano, 13 Novemba

Jibu limeletwa na mjumbe. Hakuvua viatu, hakukaa. Posa imeondolewa. Omari anahamishiwa duka la Masasi, ataondoka wiki hii. Mjumbe akasema mzee hana kinyongo na yeyote, ila hawezi kupeleka kijana wake kwenye nyumba inayomrudishia mtu marahaba yake.

Baba akasema amesikia. Mama akaingia ndani. Rehana alimsindikiza mjumbe hadi barabarani na kumuaga kwa heshima zote. Aliporudi alipita karibu yangu kama anapita karibu na meza.

Nimetafakari sana. Ni siku ya huzuni, sikatai. Lakini kihistoria, tumemwepusha na ukoo wa kibepari. Atakuja kunishukuru akitulia.

Ijumaa, 15 Novemba

Rehana hajazungumza nami tangu juzi. Chakula changu anakiacha juu ya ndoo. Omari ameondoka na basi la alfajiri. Dada hakwenda kazini. Ameteka maji, ameyamwaga, ameteka mengine.

Asubuhi hii nilikuwa natoka kwenda shule. Alikuwa amesimama mlangoni, macho mekundu, ndoo mkononi. Ananizidi miaka saba. Akanitazama usoni, akapiga magoti pale chini mbele yangu, akasema, "Shikamoo, kaka."

Nikaduwaa. Kwanza nilidhani nimesikia vibaya. Halafu nikaelewa. Umri ameuweka pembeni kabisa. Ameniona mimi pia ni mfanyakazi, wa fikra. Kati ya watu wote wa Mikindani, wa kwanza kunielewa ni dada yangu mwenyewe, tena katika wiki ngumu kama hii.

Nikamwitikia marahaba kwa sauti kubwa. Akajifunika uso kwa kanga, akalia pale pale chini, mabega yanatikisika. Sikutaka kumkatiza. Mwamko unaumiza mwanzoni.

Kesho naanza na mama.