Mjukuu Wangu ni Mzima, Wapimeni Wanaomsikiliza

Sapiwi, Bariadi
14 Oktoba 1996

Ndugu Mkuu wa Chuo,

YAH: FUNDI WAKO WA USEMI KUMHARIBIA MJUKUU WANGU SHULE

Najua siku hizi wakubwa mnapenda kuitwa Waheshimiwa. Mimi cheti changu cha kisomo cha watu wazima nilikipata enzi za Ndugu, utanivumilia. Natumaini u mzima, na chuo chako kipya hapo Mwanza kinaendelea kutoa mafundi wa kutibu usemi. Sisi huku tulikuwa wazima mpaka fundi wako mmoja alipotufikia.

Jina lake Constantine. Mwezi uliopita aliletwa na mwalimu mkuu wetu kupima matamshi ya watoto watakaoanza darasa la kwanza Januari. Mjukuu wangu Scola ana miaka saba. Namlea mimi tangu mama yake aende kuuza mitumba Kahama. Alipimwa uani kwangu, nikiwepo. Kwisha kupimwa nikapewa karatasi: eti ana kasoro kubwa ya matamshi, asiandikishwe shule hadi atibiwe. Mwalimu mkuu kaipokea kama imeshuka mbinguni. Kwa hiyo nalalamika kama ifuatavyo:

1. Kijana wako hajui kusalimia. Shikamoo yake aliitoa amesimama wima, mikono mifukoni, na kabla sijaitikia akamwambia mtoto, "Haya, toa ulimi." Ndugu Mkuu, huku mtoto akimtolea mgeni ulimi anachapwa. Scola ana adabu, akafunga mdomo. Kijana akaandika, "Hana ushirikiano." Hongereni. Mtoto kakosa alama ya kwanza kwa sababu ya malezi mema.

2. Akatoa picha. Anamwonyesha mtoto ng'ombe, anauliza, "Hiki nini?" Mtu mzima, kasoma mpaka chuo, kaja hadi Sapiwi kuuliza ng'ombe ni nini! Mtu anayekuuliza jambo analolijua anakutega, na Scola si mjinga. Tena huyo ng'ombe wenu hana nundu. Mgongo umenyooka kama benchi la zahanati. Scola akamweleza vizuri kabisa kwamba huyo ni mgonjwa, apelekwe josho. Kijana akanigeukia, "Bibi, amesemaje?" Nikamtafsiria. Akaandika kosa. Picha ishirini na nane, na kila picha, "Bibi, amesemaje?" Mwenye masikio ya namna hiyo ndiye umemtuma kupima usemi!

3. Ameandika kwamba Scola anasema "ledio" badala ya redio. Sapiwi nzima tunasema ledio, na taarifa ya habari tunaipata vilevile. Ni kasoro gani hiyo inayowapata watu wote, pamoja na mwenye redio?

4. Na mimi nikampima. Nikamwambia aseme Mwanhuzi, mji wa jirani zetu wa Meatu, wala si mji wa mbali. Akasema "Mwanuzi." Nikamwambia hapana, baba, hapo katikati pumzi ipite puani. Akajaribu. "Mwanuzi." Akajaribu tena mpaka kamasi zikamtoka. Scola alicheka akakaa chini. Majibu yake naambatanisha hapa: ana kasoro kubwa ya pua, asiendelee na chuo hadi atibiwe.

5. Hili ndilo kubwa. Alipoondoka nilifanya uchunguzi wangu. Nimegundua kwamba mzee Ngassa wa dukani naye hamsikii Scola: mtoto anaagiza chumvi, yeye anampa kiberiti. Katekista Paschal hamsikii. Amemkalisha nyuma kwenye mafundisho, na Baba Yetu yake hajawahi kuisikiliza ikafika Amina. Watoto wa majirani ni "sema tena, sema tena," kisha wanacheka. Mimi namwelewa kila neno. Tangu aanze kusema sijamwambia arudie hata mara moja.

Sasa hesabu mwenyewe, wewe uliyesoma. Anayesikia yupo. Wasiosikia ni kata nzima. Mgonjwa ni nani hapo? Huu ni ugonjwa wa masikio, nao umeingia na hili soko huria lenu. Zamani pamba yetu ilikuwa na mizani moja, ya ushirika. Siku hizi kila mnunuzi anashuka na mizani yake, kila mizani inasema lake, na sasa nyie mmetuletea na ya kupimia maneno ya watoto.

Kwa hiyo naomba karatasi ile ifutwe na Scola aandikishwe Januari. Naomba pia mlete mafundi wa masikio wapime watu wa kata hii, waanze na mwalimu mkuu. Asiyemsikia mjukuu wangu asifundishe, asiuze duka, wala asiongoze sala, hadi apone. Na ikionekana hawaponi, basi niruhusiwe mimi kukaa na Scola darasani, dawati la mbele, nimweleze mwalimu anachosema mtoto. Miwani ninayo.

Nisalimie walimu wako, wapishi, na mlinzi wa getini. Mama yake Constantine mwambieni kijana alikula ugali wangu vizuri sana. Upande huo mdomo wake hauna kasoro.

Ni mimi, niliyeudhika kwa heshima zote,

Elina binti Masele

Nyongeza: Barua hii imekaa chini ya mkeka wiki mbili ikisubiri mtu wa kwenda posta Bariadi. Katikati hapo homa ilinishika, nikalazwa siku nne. Scola alibaki kwa jirani yangu Anna, mama mwenye subira, aliyempokea mtoto huyu siku anazaliwa. Anna anasema tangu asubuhi ya kwanza mtoto alikuwa anauliza kitu kimoja, kilekile, analia. Wakampa uji. Wakampa maji. Wakampeleka chooni. Wakamwonyesha kila kilichomo ndani ya nyumba. Siku ya tatu akaacha kuuliza, na kusema kabisa akaacha. Niliporudi akanishika kitenge, akaniuliza mimi. Nilimwelewa palepale. Alikuwa anauliza kama bibi amekufa.

Anna masikio yake ni mazima, Ndugu Mkuu. Nimemjua miaka thelathini.

Ya huko juu siyafuti, nimeandika kwa wino. Yasome ukitaka kukasirika. Lakini huyo kijana mrudishe, upesi, kabla ya Januari, na picha zake zote. Safari hii mimi nitakaa jikoni, ninyamaze.