Meza ya Mkurugenzi na Uhamisho Mkuu

Jumatatu, saa nne kamili asubuhi, Idara ya Uratibu wa Taratibu iliutangazia umma kwamba zama mpya zimewadia. Umma siku hiyo uliwakilishwa na watunza bustani wawili na bwana mmoja aliyeingia kuuliza choo kiko wapi. Mafaili yote na mitambo yote ya idara ingehama kutoka mfumo wa zamani wa kompyuta na kuingia Mfumo Mpya, ifikapo Ijumaa saa sita mchana. Mkurugenzi alilisoma tangazo akiwa amesimama juu ya kiti, kwa kuwa jukwaa lilikuwa bado linasubiri kibali.

"Hatutaacha nyuma kitu chochote," alisema, "isipokuwa vile tutakavyoviacha."

Makofi yakapigwa. Mama Masijala, aliyepewa jina hilo kwa sababu ya chumba cha mafaili alichokitunza kwa miaka ishirini na mitatu, alipiga machache kuliko wenzake. Alikuwa amekisoma Kifungu cha Saba cha kanuni za uhamisho.

Kifungu hicho, alichokibuni Mkurugenzi mwenyewe ili kuwatia adabu watumishi wa chini, kilisema kwamba barua yoyote isiyofunguliwa kwa miaka mitatu haitahamishwa. Tena, jina la aliyepaswa kuifungua litaorodheshwa, na orodha itajituma yenyewe Makao Makuu.

Mama Masijala alikuwa na barua moja ya namna hiyo. Miaka minne nyuma aliomba kuhamishiwa tawi la mji anakoishi mama yake mzazi, ambaye macho yake yalikuwa yakipoteza nuru kidogo kidogo, na sasa alijua kikombe cha chai kimejaa kwa kuchovya kidole. Kila Jumapili bibi huyo alipiga simu.

"Barua yako imefika wapi?"

"Iko mezani kwa Mkuu, mama."

"Miaka minne? Hiyo meza ina urefu gani, mwanangu?"

Kwa usahihi, barua ilikuwa ndani ya kompyuta iliyo juu ya meza. Miaka minane iliyopita Mkurugenzi aliagiza, kwa nia njema ya kuokoa karatasi, kwamba maombi yote yanayohitaji uamuzi wake yasichapishwe tena, bali yatumwe moja kwa moja kwenye kompyuta yake. Kisha akaifunika kompyuta kwa kitambaa cha kufuma, akaweka juu yake maua ya plastiki. Tangu siku hiyo idara haikuwahi kuwa na ombi lililokataliwa, jambo lililotajwa kwa fahari katika ripoti za kila mwaka.

Jumanne Mama Masijala alibisha hodi.

"Mkuu, samahani. Kuna barua yangu humo ndani ya kompyuta."

"Imo salama kabisa."

"Haijafunguliwa, Mkuu."

"Ndiyo maana iko salama."

Jumatano Fundi aliyeletwa na Makao Makuu, mtu wa maneno machache na miwani ya kupandisha utosini, alitoa taarifa ya kusikitisha: Mfumo Mpya haumtambui Babu. Babu ilikuwa printa ya masijala, yenye umri wa miaka kumi na tisa, iliyokohoa mara tatu kabla ya kutoa ukurasa wowote.

"Haumtambui vipi?" Mkurugenzi alihamaki. "Nani alikwenda kumtambulisha?"

Hakuna aliyekwenda. Kamati ya watu saba ikaundwa papo hapo. Iliandika barua ya utambulisho, ikaambatanisha picha mbili ndogo za Babu, ya mbele na ya ubavuni, ikagonga mhuri na kuisoma kwa sauti mbele ya kompyuta. Mfumo haukujibu neno. Kumbukumbu za kikao zinaeleza kwamba uliipokea barua kwa utulivu. Kwa masikitiko, ikaamuliwa Babu apelekwe Ghala Kuu la Vifaa Vilivyochakaa.

"Huko," Mkurugenzi alifafanua, "ndiko kunakostahili kila kisichojua kwenda na wakati."

Ijumaa saa nne na nusu, Fundi aliingia ofisini kwa Mkurugenzi akiwa na Mama Masijala, aliyebeba rejista. Waliyaondoa maua, wakakunja kitambaa. Kibodi ilikuwa bado ndani ya nailoni ya dukani. Neno la siri lilikuwa limebandikwa chini yake na muuzaji.

"Mkuu, orodha ya vilivyoachwa iko tayari," alisema Fundi. "Barua mia sita na kumi na mbili. Saa sita inajituma."

"Naam! Nani hao wazembe?"

Fundi aliteremsha miwani. "Ni wewe, Mkuu."

"Mimi peke yangu?"

"Mara mia sita na kumi na mbili."

Mkurugenzi aliketi. Uso wake ulipata rangi ya karatasi ile aliyoiokoa kwa miaka minane.

"Zifunguliwe basi, upesi!"

"Kufungua hakutoshi. Mfumo unataka uamuzi. Ukikataa, unaandika sababu za kila barua, maneno hamsini kwenda juu."

"Na nikikubali?"

"Kukubali ni kitufe kimoja. Zote kwa mpigo."

Kitufe hicho kingemfikisha Mama Masijala kwa mama yake kabla mwezi haujaisha. Hata hivyo, alikuwa mtunza kumbukumbu, na hakuwahi kuona karatasi ikitiwa saini bila kusomwa asiwashwe vidole.

"Mkuu, tungezisoma kwanza. Hata vichwa vyake tu."

"Mama, nimeiongoza idara hii miaka kumi na moja bila kusoma. Nianze leo, tena na haraka hii?"

"Nyingine zinatoka Makao Makuu, Mkuu."

"Basi hizo ndizo za kukubaliwa mwanzo!"

Aliuliza kitufe kiko wapi, akakibonyeza kwa kidole cha shahada, kwa nguvu, kama mtu anayekandamiza kengele ya mlango. Mama Masijala akaandika kwenye rejista saa, dakika, na kwamba ushauri ulitolewa mara mbili.

Jumatatu iliyofuata majibu yalitoka. Tarishi alipata likizo aliyoiomba kwa ajili ya harusi yake. Mwanawe wa pili alikuwa tayari anasoma chekechea. Mama Masijala alipata tawi lake. Naye Mkurugenzi alipongezwa na Makao Makuu kwa kuridhia, baada ya miaka mitano ya tafakuri, pendekezo lao kwamba akasimamie Ghala Kuu la Vifaa Vilivyochakaa. Aliondoka Jumatano kwa lori la idara, mbele kushoto kwa dereva. Nyuma, amefungwa kamba, alikaa Babu.

Wiki sita baadaye, Mama Masijala alikuwa akimmiminia mama yake chai simu ilipolia.

"Mama, shikamoo," ilisema sauti aliyoijua, ingawa salamu hiyo hakuwahi kuisikia kutoka kwake. "Niliandika ombi la kurudi. Wewe unaijua njia ya barua. Limefika wapi?"

"Limefika, Mkuu. Liko mezani."

"Kwa nani?"

"Kwa Mkurugenzi wa idara. Bado hajateuliwa."

Kwa mbali, ghalani, kitu kilikohoa mara tatu.

"Nani huyo?" aliuliza bibi, kidole kikiwa juu ya kikombe.

"Mkuu wangu wa zamani, mama. Anauliza barua yake."

"Mwambie aanze kupima meza."