Neno la Kumtuma Bahasha

Jumapili, 4 Mei

Siku sita zimebaki. Chai imenishinda. Mama mkwe ametoa hukumu leo baada ya chakula, mbele ya watu wote. Jumamosi, uwanjani kwa klabu ya mbwa, mimi na shemeji tutamtuma Bahasha kila mtu kwa zamu yake. Atakayetiiwa ndiye atakayemchukua. Mwingine afunge mdomo.

Bahasha alikuwa mbwa wa baba mkwe, Mungu amrehemu. Rangi yake ni ya kaki, ndiyo maana ya jina. Tangu mazishi, miezi miwili sasa, analala chini ya meza yangu ya kazi huku nikichonga funguo. Shemeji, kaka mkubwa wa mke wangu, anasema mali ya baba ni ya mtoto wa kwanza. Mali! Mbwa huyu hunisubiri mlangoni kila siku. Kabla yake sijawahi kusubiriwa na mtu.

Zoezi lenyewe marehemu alilihangaikia miaka miwili, akaondoka kabla mbwa hajalishika sawasawa. Unasimama, mbwa yuko kando yako, unamtuma. Anakwenda peke yake, mstari mmoja, hatua arobaini, hadi ndani ya mraba wa kamba, na humo analala. Kila kitu ni neno la kumtumia. Mkufunzi wa klabu, ambaye wote tunamwita Filimbi, amesema neno liwe fupi, lisifanane na amri nyingine, na lisiwe la kutamkwa nyumbani kila saa. Kwangu neno ni ufunguo, na mimi ni fundi wa funguo. Shemeji ana duka la vioo. Atajua nini?

Hata hivyo roho iko juu.

Jumatatu, 5 Mei

Tumeanza mazoezi kiwanjani nyuma ya duka. Kipande cha nyama ndani ya mraba. Nimejaribu "nenda". Amefika nusu ya njia akakaa kujikuna. Nimelifuta. Nyumbani mke wangu huniambia nenda kaoge, nenda kalale, nenda ukamwone mwenye nyumba. Mbwa atashinda njiani. "Mbele" nimeliacha, shemeji hawezi kukosa kulichagua. "Toka" ni la kumfukuzia jikoni. "Potea" nililijaribu mara moja tu. Siwezi kumwambia Bahasha apotee. Je, akitii?

Isitoshe, suruali inanipwaya. Tangu maneno haya yaanze sili. Kila nikisimama kumtuma lazima kwanza niivute juu kwa mikono miwili, ndipo niseme. Mke wangu, fundi cherehani, amenipima kwa macho na kusema nimekwisha.

Jumatano, 7 Mei

Nimelipata neno! Siliandiki hapa. Daftari huweza kusomwa.

Mara tisa kati ya kumi Bahasha amenyoosha moja kwa moja hadi mrabani. Mara ya saba aliondoka hata kabla sijafungua mdomo. Nimeogopa kidogo. Mbwa anasoma mawazo yangu.

Mke wangu alikuwa dirishani, sindano mdomoni. Akasema mbwa hasomi mawazo, anasoma suruali. Eti nikiivuta tu juu, huyo anaondoka, neno linamkuta ameshafika. Nikamjibu kwamba fundi cherehani huona suruali kila mahali. Akasema sawa, akili ni nywele, kila mtu ana zake, akanitazama kipara.

Alasiri shemeji amekuja, eti kuchongesha ufunguo wa akiba. Kitambi kimetangulia, suruali inaning'inia chini yake, anaipandisha kila hatua tano bila haya. Macho yake yalipita kila pembe ya duka. Kikulacho ki nguoni mwako! Lakini nilikuwa nimejiandaa tangu asubuhi. Juu ya meza, karatasi, kwa maandishi makubwa: NENO LA BAHASHA: SUFURIA. Nikasingizia kutafuta tupa ya kusugulia funguo chumba cha nyuma, nikahesabu hadi thelathini. Niliporudi karatasi ilikuwa imesogea upana wa kidole, na shemeji anaangalia dari.

Jumamosi atasimama mbele ya watu wazima akimpigia mbwa kelele za sufuria. Nimefurahi karibu saa nzima. Kisha hofu ikarudi.

Ijumaa, 9 Mei

Nimeharibu funguo tatu, na mteja mmoja ameondoka na ufunguo wa mwenzake. Je, nikikohoa katikati ya neno? Je, upepo ukilipeperusha? Je, Bahasha akihamia kwa shemeji na baada ya wiki moja akanisahau? Hili la mwisho limenikalisha chini, hapo hapo sakafuni, naye akaja kunilalia miguuni.

Nimemwomba mke wangu anipunguzie suruali kiunoni. Sitasimama mbele ya mama mkwe nimeshikilia nguo kama mwizi wa maembe. Amekataa! Amesema niiache ilivyo hadi Jumamosi ipite, baada ya hapo atanishonea hata tatu. Amenisihi mara mbili, bila kucheka. Ukoo mzima ni wakaidi.

Nimechukua mkanda wangu wa zamani, nikautoboa matundu mawili mapya kwa keekee ya dukani. Umekaza barabara. Kwa mara ya kwanza wiki hii nahisi nina mpango.

Jumamosi, 10 Mei

Naandika kwa kifupi.

Mama mkwe alikuwa kwenye kiti chini ya mwavuli, mnyororo wa Bahasha mapajani. Shemeji akaanza, kwa ukubwa wake. Akasimama kando ya mbwa, akashika suruali kwa mikono miwili, akaipandisha hadi kitovuni, akapaza sauti: sufuria! Uwanja mzima ukacheka. Mimi nilicheka kuliko wote, kisha nikagundua nacheka peke yangu. Bahasha alikuwa amelala katikati ya mraba, ametulia kabisa.

Zamu yangu. Nikasimama wima, mkanda umekaza, mikono ubavuni. Nikatamka neno. Bahasha akanitazama kiunoni. Nikalitamka tena kwa nguvu. Akaendelea kunitazama kiunoni. Nikasema nenda. Nikasema mbele. Filimbi akainua mkono kuonyesha muda unakwisha. Mke wangu, pale alipoketi, alikuwa akishika sketi yake na kuivuta juu, anaishusha, anaivuta tena, sijui alikuwa na nini. Nikasema sufuria, Mungu anisamehe. Bahasha akaniegemea mguu.

Mama mkwe akasema pole, mwanangu, ila tulichosema ndicho tulichosema. Akampa shemeji mnyororo. Walipokuwa wakienda, Bahasha aligeuka mara mbili. Nililia palepale uwanjani na sioni aibu kuandika hivyo.

Jumapili, 11 Mei

Chini ya meza kuna manyoya yake tu.

Mke wangu amekaa nami asubuhi yote. Amenieleza upya, taratibu, kwa kuonyesha na mikono: kaka yake aliivuta suruali, mimi sikuivuta, basi. Ni mkanda, amesema. Mkanda tu, mume wangu. Nimemshukuru kwa kunifariji, ana moyo mzuri.

Lakini ukweli naujua. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Nilitunga neno bora kuliko lile langu la siri, lenye silabi nne nzito, nikalitupa mezani bure kwa adui. Filimbi na ushauri wake wa neno fupi! Nani angejua sufuria ina nguvu kiasi kile? Nimeshinda nikiikodolea macho iliyoko jikoni. Sijala.

Jumanne, 13 Mei

Bahasha yuko chini ya meza! Naandika nikiwa nimemgusa kwa mguu, nisije nikawa naota.

Shemeji amemleta mwenyewe, jasho likimtiririka. Amesema yamemfika shingoni. Tangu Jumamosi mbwa hana utulivu. Watu wamekaa sebuleni, shemeji anainuka kidogo tu, mbwa huyo, hadi mwisho wa nyumba, na analala huko uso ukutani. Jana alikwenda naye dukani. Mteja akaingia, shemeji akanyanyuka kumpokea kwa heshima, Bahasha akachomoka moja kwa moja hadi mwisho wa duka, na mwisho wa duka ni vioo. Vinne vimevunjika, cha tano na cha sita vina nyufa, na mteja alipanda juu ya kaunta akakataa kushuka.

Alipokuwa akisimulia, aliipandisha suruali, na Bahasha akapita katikati yetu kwa kasi hadi kwenye ukuta wa nyuma. Shemeji akauliza kama nimeona. Nami nikamwuliza kama ametamka lile neno. Akaapa hajalitamka tangu Jumamosi. Nikamwonea huruma. Nyumba gani haina sufuria? Mkewe anaitaja asubuhi, mchana na jioni. Maskini mbwa ametumwa siku tatu mfululizo bila kupumzika!

Mama mkwe amepiga simu. Amesema yaishe, mbwa ni wangu, na nisimtume popote tena maisha yangu yote. Nikawa naitikia ndiyo mama, ndiyo mama. Mke wangu alikuwa ameegemea mlango. Aliitazama suruali yangu, akarudi kwenye cherehani yake. Nadhani hatimaye ameelewa jambo la neno.

Nimemwandikia Filimbi nikijitolea kuwafundisha wanachama wapya namna ya kuchagua neno la kumtumia mbwa. Amekubali, somo ni Jumamosi. Nimeshajaza kurasa kumi na moja. Bahasha atatoa mfano mbele ya watu wote, na mama mkwe nimemwalika kiti cha mbele. Nimemwomba mke wangu aniongezee heshima kidogo, anikazie suruali kiunoni isicheze hata kidogo. Safari hii amekubali papo hapo, na ameniahidi kwamba atakuwepo.